Kuweka Kumbukumbu za Ndege Wahamaji na Wanaozaliana Katika Pwani ya Bagamoyo

Mwezi wa Novemba, maji yanapokupwa mbele ya mikoko ya Kaole, mtu anaweza kumwona ndege mkubwa mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi, akimvunjavunja kaa na kumpa kinda wake, ambaye kwa kimo wamelingana lakini rangi yake ni ya kijivujivu. Kinda humfuata mzazi hatua kwa hatua huku akilialia kuomba chakula. Mwenye daftari asiyezijua habari za ndege huyu ataandika bila wasiwasi kwamba anazaliana Bagamoyo, kwa kuwa amemshuhudia akilisha mtoto, naye atakuwa amekosea. Ndege huyo, ambaye jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola na ambaye katika mwongozo huu nitamwita mla-kaa, hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo analolichimba mchangani, katika visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na Pembe ya Afrika, kuanzia mwezi wa Aprili. Baada ya hapo husafiri na kinda wake hadi kwetu, na huendelea kumlisha huku ugenini kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya ndege wengine wa pwani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa mwambao aliye na daftari, penseli na nia ya kurudi mahali pamoja mara nyingi. Jambo ninalotaka lishikwe kabla ya mengine yote ni kwamba yale uliyoyaona yaandikwe kando na yale unayodhani kuwa ndiyo maana yake. "Mkubwa amempa kinda kaa, Kaole, saa 4 asubuhi" ni kumbukumbu. "Anazaliana hapa" ni hitimisho, nalo linahitaji tarehe, ushahidi na ujuzi wa tabia za ndege mwenyewe. Kumbukumbu iliyoandikwa vizuri inaweza kufasiriwa upya na mtu mwingine baada ya miaka 30, lakini hitimisho lililoandikwa peke yake halina njia ya kugeuzwa tena kuwa ushahidi.

Pepo zetu na safari zao

Vitabu vingi vya ndege vimefuata majira ya Ulaya, na ndiyo sababu mtu husoma kwamba ndege fulani anapitisha majira ya baridi ilhali yeye anamwona Bagamoyo katika joto kali la Januari. Baridi inayosemwa ni ya huko alikotoka. Kwa mtu wa pwani ni rahisi zaidi kuipanga kalenda ya ndege kwa pepo, kwa sababu wageni wa kaskazini ya dunia hukaa nasi muda wote wa kaskazi, na wageni wa Madagaska, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bukini, huja wakati wa kusi.

Wa kwanza kufika kutoka kaskazini huonekana mwishoni mwa Julai na mwezi wa Agosti, kusi ingali inavuma. Hao kwa kawaida ni ndege wakubwa kwa umri, waliokwisha kumaliza kazi ya uzazi, na wengi wao bado wana mabaki ya rangi za harusi, yaani za msimu wa kuzaliana, katika manyoya yao. Makinda wa mwaka huo hufuata nyuma, kwa wingi zaidi mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati wa maleleji, yaani pepo zinapobadilika. Tofauti hii ya umri inastahili safu yake katika daftari. Chukua mfano wa kitwitwi, ndege mdogo wa ufukweni, mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, Calidris ferruginea, ambaye huzaliana katika nyika za baridi za Siberia, hasa rasi ya Taimyr. Huko kuna panya wadogo ambao katika miaka mingine huongezeka mno na katika miaka mingine hupungua hadi wasionekane, na panya wakikosekana mbweha hugeukia mayai na makinda ya ndege. Kwa hiyo mwaka ambao panya wamepungua Siberia, vitwitwi wachanga wanaofika kwenye matope ya mto Ruvu ni wachache sana. Mtu aliyesimama Bagamoyo akahesabu kwamba katika vitwitwi 100 wa aina hiyo wachanga ni wangapi, ameandika habari ya mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Wachanga hutambulika kwa manyoya mapya ya mgongoni yenye kingo nyeupe zinazofanana na magamba ya samaki, na kifua chenye rangi hafifu ya samli.

Kuanzia Machi mambo hugeuka. Ndege hula kwa pupa ili wajaze mafuta ya safari, na manyoya yao hubadilika machoni pako wiki kwa wiki: Pluvialis squatarola, ambaye muda wote wa kaskazi alikuwa wa kijivu asiyevutia, hupata tumbo jeusi tititi, na kitwitwi wa Siberia huwa mwekundu kama udongo wa tofali. Andika wangapi wamebadilika na wangapi bado. Wengi huondoka Aprili, na kufikia katikati ya Mei, masika yakiwa yamepamba moto, fukwe huonekana kama zimehamwa.

Hata hivyo hazihamwi kabisa, na hapa ndipo kosa jingine linapotokea. Vijana wengi wa jamii za vitwitwi na sululu (ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda) ambao hawajafikia umri wa kuzaa hawarudi kaskazini mwaka wao wa kwanza, bali hubaki kwetu Juni na Julai. Ukimkuta sululu Kaole mwezi wa Juni, usiandike kwamba ni mkaazi wala kwamba anazaliana. Andika tarehe, idadi, na kama manyoya yake yamechakaa. Wakati huohuo wa kusi ndipo wanapokuja wageni wa Madagaska, na wawili wanahitaji macho makini. Wa kwanza ni Glareola ocularis, ndege wa rangi ya kahawia mwenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, ambaye huonekana kwa makundi akikamata wadudu hewani. Wa pili ni Ardeola idae, mfano wa yangeyange mdogo mwenye michirizi, ambaye wamebaki wachache duniani, na ambaye akiwa kwetu amevaa manyoya yanayomfanya afanane sana na binamu yake wa hapa nyumbani, Ardeola ralloides. Kwa huyu wa pili, usitegemee kumbukumbu ya kichwa. Piga picha, hata kama ni ya simu iliyowekwa kwenye jicho la darubini, na uandike upana wa michirizi ya kifua, unene wa mdomo na rangi ya mgongo.

Wako pia wapitaji tu, ambao hawakai. Kozi wa Amur, Falco amurensis, huzaliana mashariki ya mbali ya Asia, huvuka Bahari ya Hindi, na hupita juu ya Afrika Mashariki Novemba na Desemba akielekea kusini mwa bara. Anaweza kuonekana asubuhi moja baada ya mvua ya vuli, kumbikumbi wanaporuka, na kesho yake asiwepo. Kwa ndege wa namna hii andika pia mwelekeo wa safari na saa, maana idadi bila mwelekeo haisemi kama ni kundi lilelile lililorudi.

Maji kujaa na kupwa

Hakuna kitu kinachoharibu hesabu za pwani kuliko kutoandika hali ya maji. Mtu aliyehesabu vitwitwi 40 maji yakiwa yamekupwa na mwenzake aliyehesabu 900 maji yakiwa yamejaa wanaweza wote kuwa wamesema kweli kuhusu ndege walewale, siku ileile. Maji yakitoka, ndege hutawanyika juu ya kilomita nzima za tope na mchanga kutafuta chakula. Maji yakirudi, husukumwa pole pole kuelekea nchi kavu, hadi wote wakusanyike katika sehemu chache zilizobaki: fungu la mchanga, ukingo wa hori, matawi ya mikoko kwa sululu, na mashamba ya chumvi ya upande wa Nunge kwa vitwitwi na membe.

Kwa sababu hiyo ndege wa kula kwenye tope hutazamwa vizuri maji yanapokupwa, lakini ndege wa kuhesabiwa husubiriwa maji yanapojaa. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na hujaa kabisa karibu na saa 10 jioni. Kila siku inayofuata muda huo husogea mbele kama dakika 50. Siku hizo tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, na ndege hawana budi kubanwa. Siku za maji mafu, yaani kati ya bamvua na bamvua, hata maji yakijaa, matope ya juu hubaki wazi na ndege hawajikusanyi. Kuna faida nyingine ambayo watu wa fukwe za mashariki tumejaliwa: saa 10 jioni jua liko nyuma yako unapotazama baharini, kwa hiyo rangi za miguu na midomo huonekana waziwazi, ilhali asubuhi jua hutoka baharini na kila ndege huwa kivuli cheusi. Kwa hiyo nashauri hesabu kubwa ya mwezi ifanywe siku ya bamvua, ukiwa umekwisha kukaa mahali pako saa mbili kabla ya maji kujaa, nawe usiondoke mahali hapo hadi ndege watulie.

Jedwali la maji hutolewa kila mwaka na mamlaka ya bandari, lakini wavuvi wa soko la samaki hawalihitaji. Nilipoanza kazi hii, mzee mmoja anayeshona nyavu aliniuliza mbona nafika kila Jumamosi. Nikamjibu kwamba Jumamosi ndiyo siku yangu ya mapumziko. Akaniambia, "Mwanangu, ndege hawajui Jumamosi. Wewe fuata mwezi." Daftari langu la mwaka ule wa kwanza limejaa hesabu za Jumamosi, nyingine za maji mafu na nyingine za bamvua, na hazilinganishiki hata kidogo.

Mahali pa kuchagua

Bagamoyo ina mahali pengi panapofaa kwa mtu mmoja. Upande wa kusini kuna Kaole na mikoko yake, na mbele zaidi Mbegani. Mbele ya mji kuna ufuko wa mchanga na soko la samaki, ambapo shakwe na membe hufuata mabaki ya samaki. Kaskazini kuna Nunge, kisha mdomo wa mto Ruvu wenye mikoko mipana, na mbali zaidi Hifadhi ya Taifa ya Saadani na mdomo wa mto Wami, ambako utalipia kiingilio na kufuata taratibu za hifadhi. Chagua sehemu mbili tu, uzitembelee kila mwezi kwa njia ileile, ukianzia na kuishia mahali palepale. Ziara 12 za sehemu moja zina thamani kuliko ziara moja moja za sehemu 12, kwa sababu ni kurudia tu kunakoonyesha nani anakuja, nani anakaa na nani anaondoka. Mashamba ya chumvi yana wenyewe, kwa hiyo omba ruhusa, jitambulishe pia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na uonyeshe daftari lako. Mtu mwenye darubini ufukweni huzua maswali, na ni haki ya wenyeji kuuliza.

Yanayoandikwa kila safari

Andika kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka, nami nimepoteza kurasa za siku mbili za Machi kwa sababu ngalawa iliyumba na daftari likaloa. Kabla hujamtazama ndege yeyote, andika juu ya ukurasa tarehe, mahali, saa ya kuanza, hali ya maji, upepo, wingu au mvua, na majina ya mlio pamoja. Mwisho wa safari ongeza saa ya kumaliza na umbali uliotembea. Wengi huona hayo ni urasimu, lakini ndiyo yanayomwezesha mtu kulinganisha safari ya saa moja na ya saa tatu.

Tarehe na saa zina mitego yao kwetu. Usiandike 3/4, kwa maana mwingine ataisoma Aprili na mwingine Machi. Andika jina la mwezi kwa herufi. Kuhusu saa, sisi tunasema saa 4 asubuhi, lakini programu za simu na fomu za kimataifa husema 10:00, na nimeona kumbukumbu zilizopelekwa zikionyesha kwamba vitwitwi walihesabiwa saa 10 alfajiri gizani, kumbe mwandishi aliingiza 4:00 akiwa na maana ya saa 4 asubuhi. Amua moja. Ushauri wangu ni kuandika daftarini saa ya Kiswahili pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kugeuza kwa kuhesabu saa 6 wakati wa kuingiza kwenye programu tu, ukiwa umekaa, si ukiwa umesimama kwenye tope.

Mahali paandikwe kwa jina linalotumiwa na wenyeji na pia kwa vipimo vya simu. Vipimo vyenye tarakimu nne baada ya nukta hukuweka ndani ya mita 11 hivi, na vyenye tarakimu mbili hukuweka ndani ya kilomita moja tu, jambo ambalo Bagamoyo linaweza kukutoa ufukweni na kukutupa katikati ya mikoko. Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Equatoria kusini mwa Sudan, na ambaye alifika mjini kwetu tarehe 4 Desemba 1889 pamoja na msafiri Henry Stanley, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa ndege na alipeleka ngozi nyingi katika makumbusho ya Ulaya. Thamani ya ngozi kama hizo hadi leo imo katika vibandiko vya mahali na tarehe, na ngozi isiyo na kibandiko ni manyoya tu.

Majina

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu lugha yetu ni tajiri kwa namna yake na haba kwa namna nyingine. Mvuvi akisema membe, anaweza kuwa anamaanisha aina yoyote kati ya nyingi za ndege weupe wanaopiga mbizi, na wengine humwingiza humo hata shakwe. Kwa mvuvi jina hilo latosha, kwa kuwa analolitafuta ni kundi la dagaa lililo chini yao. Kitwitwi vilevile ni jina la jamii nzima ya ndege wadogo wa ufukweni. Sululu ana bahati, kwa maana mdomo wake uliopinda kama sululu ya kuchimbia haumchanganyi na wengi, na kwa kawaida anayeonekana kwetu ni Numenius phaeopus.

Njia ninayoitumia ni kuandika jina la Kiswahili kwanza, jinsi wenyeji wanavyolitaja, na mbele yake jina la kisayansi pale tu ninapokuwa na hakika. Nikiwa na hakika ya jamii bila aina, huandika jamii: "membe, aina haikutambuliwa, 35, midomo ya rangi ya chungwa". Sentensi hiyo ni kumbukumbu halali. Kilicho batili ni kuchagua aina kwa kukisia ili safu isibaki tupu. Wako ndege ambao hata wataalamu huwaachia nafasi ya shaka: vitwitwi wawili wa mchanga, walioitwa kwa muda mrefu Charadrius leschenaultii na Charadrius mongolus, ambao hukaa pamoja Bagamoyo muda wote wa kaskazi, hutofautiana kwa urefu wa mdomo na miguu, na wakiwa mbali kwenye mvuke wa joto hawatenganishiki. Andika "mmoja wa hao wawili" na uendelee.

Vilevile usiyaache majina ya wenyeji yapotee. Muulize mchota chumvi anamwitaje ndege huyu, andika neno na kijiji lilikosemwa. Majina mengine hutofautiana kutoka Bagamoyo hadi Pangani, na mengi hayajaandikwa popote.

Kuhesabu kundi

Kundi la chini ya ndege 50 lihesabiwe mmoja mmoja, mara mbili, na kama majibu yanatofautiana, mara ya tatu. Kwa kundi kubwa, hesabu ndege 10 kwa uhakika, uone eneo wanalojaza katika kioo cha darubini, kisha upime kundi lote kwa kipimo hicho. Likiwa ni la maelfu, panda kutoka 10 hadi 100. Anza upande wa kushoto na usirudi nyuma. Aina zikiwa zimechanganyika, hesabu jumla kwanza, halafu pitisha darubini katika sehemu tatu au nne za kundi, mbele, katikati na nyuma, ukiandika aina ya kila ndege hadi wafike 100, na ugawanye jumla kwa uwiano huo. Kuchukua sehemu moja tu hakufai, kwa sababu ndege wa aina moja hupenda kusimama pamoja, na wenye miguu mirefu husimama kwenye maji ya kina zaidi.

Kazi hii ni nyepesi kwa watu wawili, mmoja akitazama na kutaja, mwingine akiandika. Iliyokadiriwa iandikwe "kadirio" mbele yake, na 600 ya kukadiria isivishwe sura ya uhakika kwa kuandikwa 603. Na kama umefika Nunge siku ya bamvua ukakuta hakuna mla-kaa hata mmoja, andika mla-kaa 0, kwa sababu mstari usioandikwa hautofautishi kati ya ndege ambaye hakuwepo na ndege ambaye hukumtafuta.

Usiwarushe ndege ili upate kuwahesabu angani. Saa za maji kujaa ndizo saa zao za kupumzika, na mwezi wa Machi na Aprili kila mruko wa bure unakula mafuta waliyoyaweka kwa ajili ya safari ya maelfu ya kilomita. Wakianza kuinua vichwa na kutembea kwa pamoja, umekaribia mno. Rudi nyuma.

Wanaozaliana

Kwa ndege anayedhaniwa kuzaliana, tumia ngazi tatu. Ya kwanza ni huenda: ndege yupo mahali panapomfaa, majira yanayomfaa, au anaimba. Ya pili ni yamkini: jozi imeonekana mara kadhaa mahali palepale, inachezeana, inafukuza wengine, au inabeba majani na nyuzi. Ya tatu ni hakika: kiota chenye mayai au makinda, mzazi anayebeba chakula na kuingia tena na tena katika kichaka kilekile, au kinda aliyetoka kiotani punde, asiyeweza kuruka vizuri. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kinachomtenga mla-kaa wa Novemba. Kinda wake anaruka vyema, kwa kuwa ameruka kutoka ng'ambo ya bahari. Baadhi ya membe nao huendelea kulisha wachanga wao safarini, kwa hiyo membe anayempa samaki kinda mwenye mabawa kamili hatoshi kuwa ushahidi.

Mtego mwingine uko kwenye minazi. Mnana dume wa rangi ya dhahabu hufuma viota kwa bidii, lakini si kila kiota hukubaliwa na jike, na vingine huachwa vikinyauka. Viota 20 juu ya mnazi mmoja si jozi 20. Keti chini kwa nusu saa na uhesabu viota ambavyo jike ameingia. Katika mnazi huohuo waweza kumwona Cypsiurus parvus, ndege mwembamba afananaye na mbayuwayu, ambaye hugandisha kiota chake kwa mate upande wa chini wa kuti. Kiota hakionekani kwa urahisi, ila ndege anayeingia chini ya kuti lilelile mara kwa mara ni dalili ya kutosha kuandika yamkini.

Ufukweni, anayehitaji uangalifu kuliko wote ni Anarhynchus marginatus (zamani Charadrius marginatus), kitwitwi mweupe-mchanga anayekaa kwetu mwaka mzima na kutaga juu kidogo ya mstari wa maji, katika mchanga mtupu, na ambaye akiondoka huyafunika mayai kwa mchanga kiasi. Unaweza kuyakanyaga usijue. Ukimwona akikimbia mbele yako akijifanya ameumia bawa, simama hapohapo, tazama chini kuzunguka miguu yako, kisha urudi kwa nyayo zako mwenyewe. Usikae karibu na kiota zaidi ya dakika chache, na usikae kabisa jua la mchana likiwa kali, kwa maana mzazi akizuiliwa kurudi mayai hupikika. Usiweke kijiti cha alama. Kunguru wa Zanzibar, Corvus splendens, walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani yote, ni wepesi wa kuchunguza mahali mtu alipoinama, na huharibu kila kiota wanachokigundua. Wakiwepo kunguru juu yako, pita kana kwamba hukuona kitu, na uandike mahali pa kiota ukiwa mbali. Mahali hapo pasitangazwe kwenye mitandao hadi msimu uishe.

Pete

Ukiona ndege mwenye pete au bendera ndogo mguuni, andika rangi, herufi na namba, mguu wa kushoto au wa kulia wa ndege mwenyewe, na kama iko juu au chini ya goti. Usijaribu kumkamata. Pete ya ndege aliyekutwa amekufa au amenaswa na wavu huwa na anwani. Ipige picha pande zote na uandike kwa anwani hiyo, ukitaja tarehe, mahali na jinsi alivyopatikana. Waombe wavuvi wasizitupe.

Kupeleka na kutunza

Kumbukumbu zinaweza kuingizwa katika eBird, programu ya Chuo Kikuu cha Cornell iliyoanza mwaka 2002, ambayo hupokea orodha ya kila safari pamoja na muda na umbali. Ukiombwa kusema kama orodha yako ni kamili, jibu ndiyo pale tu ulipoandika kila aina uliyoitambua, wakiwemo kunguru na shomoro. Mwezi wa Januari kuna hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, na yafaa ziara yako ya mwezi huo iangukie katikati ya mwezi, siku iliyo karibu zaidi na bamvua.

Daftari la shambani libaki kama lilivyo. Nakala safi iandikwe jioni ileile, kabla ya kulala, katika daftari la pili au kwenye kompyuta, na kila ukurasa wa shambani upigwe picha. Ukigundua baadaye kwamba ulikosea, usifute wala usichane ukurasa. Piga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, andika sahihisho pembeni, na uweke tarehe uliyosahihisha.